Sahihi ya Nane

Saa kumi jioni bado tunakutana kwenye viti vyetu. Vimepangwa duara kwenye changarawe, kati ya namba kumi na mbili na namba kumi na sita, kila mtu na kiti chake cha kukunja, kila mtu na kikombe chake, na upande wa mashariki tunaacha pengo. Hakuna aliyesema tuliache. Mwezi wa kwanza wa pengo hilo nilidhani ni jua tu, linavyopiga upande ule. Kisha siku moja mgeni kutoka Iowa akaweka kiti chake pale, akasema hapa pana kivuli kizuri, na sote tukanyamaza, tukanyamaza, mpaka akainuka mwenyewe na kuhamia kwingine bila kujua amekosa nini.

Pale alikuwa anakaa Ardis Tveit.

Nyuma ya pengo kuna nguzo ya umeme ya namba kumi na nne, na kwenye nguzo kuna doa la rangi ya bluu alilolipaka yeye. Chini kuna alama za mbao nne zilizokaa chini ya matairi yake miaka kumi na miwili. Mvua mbili zimenyesha tangu aondoke, na huku kwetu jangwani, nje ya mji wa Yuma, mvua mbili ni karibu mvua za mwaka mzima, lakini alama hazijafutika. Naziona kila asubuhi ninapofungua pazia. Kila asubuhi nakasirika upya, na kabla chai haijapoa huwa nimeshajua nimemkasirikia nani.

Ardis alikuwa mtu wa hasira. Sitaki mtu amgeuze bibi mpole kwa sababu hayupo. Alitoka North Dakota, alikoendesha basi la shule miaka thelathini na miwili, kwenye theluji inayofunika vibao vya barabarani, na alituongelesha wote kama watoto wa siti ya nyuma. Yeye na mumewe Norbert waliuza nyumba, wakanunua gari la kuishi lililokuwa limeshatumika, lililotengenezwa mwaka 1991, wakaingia barabarani. Norbert alikufa majira ya baridi ya pili. Ardis aliendelea kuendesha. Binti yake alipompigia simu kumsihi arudi, sote tulilisikia jibu, maana kuta za nyumba zetu ni nyembamba kama masanduku ya viatu.

"Niliuza vyumba vitano vilivyojaa theluji," alisema. "Nina chumba kimoja kilichojaa jua. Sasa niambie, mwanangu, nani kapunjwa?"

Watalii waliopita kambini na magari ya kukodi walikuwa na swali lao moja, na walimuuliza yeye kwa sababu mlango wake ulikuwa wazi siku zote. Mama, unaishi humu mwaka mzima? Aliwajibu, "Na wewe unaishi kule mwaka mzima? Pole." Akarudi kwenye jiko lake.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi alipika lefse, chapati nyembamba za viazi za kwao, juu ya jiko la gesi lenye mafiga mawili, na alizigawa akizunguka na sinia kambi nzima huku akigomba. Alimgombeza Gaylord Ostrander wa namba kumi na mbili kwa ajili ya jenereta lake.

"Gaylord, zima hilo dude! Nguzo ya umeme iko hatua mbili kutoka kitandani kwako."

"Nalijaribu tu, Ardis. Lazima liwashwe kila mwezi, la sivyo linakufa."

"Liache life. Tutakuja kukupa pole. Shika chapati yako."

Alikuwa na haki ya kuwaza juu ya umeme kuliko sisi. Miaka mitatu nyuma mapafu yake yalianza kuchoka, na daktari akampa mashine ya oksijeni, ndogo kama sanduku la safari, iliyonguruma kando ya kitanda chake kila alipolala. Betri za gari lake zingeweza kuiendesha saa tatu, labda nne. Baada ya hapo ilihitaji nguzo. Watu wengi wa maisha yetu wakichoka na kambi wanakwenda jangwani kwenye ardhi ya serikali, wanaegesha popote, wanatumia jua. Ardis hakuweza. Kwake ile soketi yenye doa la bluu ilikuwa ndiyo pumzi, na kambi nzima ililijua hilo.

Sasa nieleze tulichofanya.

Kambi iliuzwa kwa kampuni ambayo wenye nayo hatukuwaona. Tulimwona Tanner, msimamizi mpya, kijana wa tabasamu jingi, akizunguka kwenye kigari cha gofu na karatasi mapajani. Sisi tunaokaa mwaka mzima tulikuwa kaya kumi na nne, na kila kaya ilipewa karatasi moja. Je, unakubali kwamba gari la kuishi lililotimiza miaka kumi lisikae hapa? Weka alama. Ndiyo au hapana.

Sote tulikuwa na basi moja machoni. Namba tatu, karibu na mapipa ya taka, alikaa Leland Pruitt, kwenye basi kuukuu la shule alilolipaka rangi ya kijani kwa ufagio. Alichomelea vyuma asubuhi. Alining'iniza mabomba ya moshi ya zamani yakagongana kwenye upepo. Chini ya basi alifuga kuku. Hakuja kwenye duara na hakuna aliyemwambia aje. Ardis peke yake ndiye aliyesimama kwake, na hata yeye alizungumza naye juu ya injini tu. "Injini ya basi hilo itatuzika wote," aliniambia mara moja, na katika kinywa cha Ardis hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Siku ya kura Ardis alikuwa hospitalini Yuma, siku ya pili kati ya nne, mapafu yamemsumbua. Jioni kwenye duara Gaylord alinyanyua bia yake.

"Hatimaye, jamani! Leland na kuku wake, kwaheri ya kuonana."

Tulicheka. Nami nilicheka. Nilikuwa nimeshaweka alama kwenye ndiyo kwa kalamu yangu ya kujazia mafumbo ya magazeti, nikakunja karatasi vizuri.

Hakuna aliyelikumbuka gari la Ardis, na hapo ndipo napataka msomaji anielewe, maana watu wanaokaa kwenye nyumba zisizotembea hawataamini. Kwetu umri wa gari la mtu hauulizwi. Unatazama kama limekaa sawa, kama turubai halina matobo, kama bomba la maji machafu limefungwa vizuri, na hapo umeshamjua mwenye gari. La Ardis lilipigwa nta mara mbili kwa mwaka. Mapazia alishona mwenyewe. Mstari wa kahawia ubavuni ulipopauka aliupaka upya kwa brashi ya msanii, amelala kwenye changarawe, wiki nzima. Mtu alipolitazama hakuona miaka. Kwa hiyo kumi kati yetu tuliandika ndiyo, tukimlenga mtu tusiyempenda, na hatukuhesabu.

Tanner alihesabu. Hiyo ndiyo kazi yake.

Ardis aliporudi kutoka hospitali alikuta barua imebandikwa mlangoni kwa utepe. Siku thelathini. Saa kumi alikuja kwenye duara akiwa na barua mkononi, bomba jembamba la oksijeni puani, chupa yake ya kutembelea begani kama mkoba. Hakukaa.

"Nani kati yenu kaandika ndiyo?"

Faye, mke wa Gaylord, alianza kutafuta kitu mfukoni.

"Nimeuliza."

"Ardis, dada yangu," Gaylord akasema, "haikuwa juu yako. Wallahi haikuwa. Sisi tulikuwa tunamtaka yule Leland."

"Mlimtaka Leland."

"Wale kuku, Ardis. Kelele—"

"Kelele gani? Ana mitetea watatu. Hana hata jogoo. Kelele za hapa ni jenereta lako na mdomo wako." Akamgeukia Faye. "Na keki yako ya Krismasi, ile uliyosifiwa mpaka ukalia, ilikuwa ya mayai ya Leland. Nilikuletea mimi. Ulidhani nimeyataga?"

Mtu mmoja alicheka, akajutia palepale.

"Marva," akaniambia. Sauti yake ilishuka. "Na wewe?"

Mimi ni jirani yake wa namba kumi na tano. Miaka tisa tuliazimana spana, chumvi na hasira. Nilisema, "Ndiyo, Ardis. Na mimi."

Alinitazama kama dereva anavyotazama kwenye kioo cha juu, mtoto aliyemdhania kuwa mwema akiwa ameshika kiberiti. Kisha akafanya kitu ambacho kwetu hakifanywi. Ukiwa na amani na watu, kiti chako kinalala kwenye duara, usiku na mchana, mvua ikinyesha watu watakukunjia. Ardis alikikunja chake, kile cha kitambaa cha kijivu chenye jina la Norbert kwa uzi mweusi, akakitia kwapani, akaondoka akikohoa. Gaylord akasema hali ya hewa kesho itakuwa nzuri.

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa Tanner. Nilipayuka. Nilimwambia yule mwanamke ana mashine, nguzo za kukodi mwaka mzima kwa gari la umri ule hakuna tena toka hapa mpaka Tucson, maana kambi zote zimeshaweka kanuni kama hii. Alinisikiliza akipangapanga kalamu.

"Bibi Marva, mimi si adui. Leta sahihi za kaya nane kati ya kumi na nne, zinasema mnabadilisha kura kwa ajili yake. Kampuni itamwacha abaki."

"Ni hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ila sikufichi. Atakayesaini nitapita kukagua gari lake. Wakubwa wanataka kujua wanaotetea magari makuukuu wana magari ya aina gani."

Nilitoka pale nikiwa nimeshika karatasi, na jua lilikuwa kali, na nilichowaza si Ardis. Niliwaza paa langu. Gari langu lilikuwa na miaka tisa. Juu ya kitanda paa lilikuwa na ufa nilioubandika utepe kwa ndani na kuufunika na picha ya wajukuu, na mvua ikinyesha niliweka sufuria kifuani nikalala chali. Hakuna aliyejua.

Nilianza na Ardis mwenyewe, akasaini. Kisha nikaenda kwa Leland. Alivua miwani ya kuchomelea, akasoma karatasi yote mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya.

"Hii inamwacha yeye abaki?"

"Yeye tu, Leland. Wewe hapana."

"Nimesoma." Akasaini, kalamu kwenye vidole vyeusi vya grisi. "Mwambie asiwashe gari mpaka nimtazamie mkanda wa injini. Unalia. Nimeusikia akitoka hospitali."

Gaylord alinisumbua siku nne. Leo mgongo, kesho Faye hajakubali, keshokutwa wanangoja wageni. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na mwishowe Faye ndiye aliyeichukua kalamu mezani na kusaini, akamwambia mumewe, "Keti chini wewe, umeshasema ya kutosha mwaka huu." Wengine watatu walisaini kwa aibu. Mmoja alisaini kwa hasira, akiniuliza kwa nini nimemfuata yeye wa mwisho. Wengine walifunga mapazia. Kwetu pazia likifungwa hugongi.

Sahihi saba. Mstari wa nane ulikuwa mtupu.

Niliiweka ile karatasi kwenye droo chini ya vijiko. Nilijiambia mtu atalainika. Nilijiambia yule wa namba tisa ni mcha Mungu, atakuja. Kila nilipovuta droo nichukue kijiko cha chai niliuona mstari ule, nikaifunga. Siku kumi zilipita hivyo. Naandika neno hili, kumi, nalo linanichoma vidole.

Siku ya ishirini na saba Ardis alikuja kwangu. Pazia langu lilikuwa limefungwa. Aligonga.

"Najua umo. Gari linatikisika."

Nilifungua. Alipanda ngazi mbili akapumzika, akapanda ya tatu.

"Karatasi iko wapi?"

Niliitoa. Alihesabu kwa kucha, taratibu, jina kwa jina.

"Saba."

"Natafuta wa nane, Ardis. Watu wamekuwa wagumu."

"Umetafuta wapi?"

"Kila mahali."

"Kwenye kioo umetafuta?"

Nilimwambia juu ya paa. Nilivuta picha ya wajukuu nikamwonyesha utepe, ambao ulikuwa umeshakuwa na kahawia ya unyevu pembeni, na nilimwambia Tanner atakagua, na nikifukuzwa sina pa kwenda. Maneno yalinitoka kwa wingi. Alitazama ule ufa kwa muda mrefu, si kwa huruma, kwa jicho la fundi.

"Linavuja tangu lini?"

"Mwaka na nusu."

"Mwaka na nusu! Na mimi niko hatua sita!" Hapo ndipo alipokasirika kweli, kuliko siku ya barua, mpaka bomba la puani likamtoka. "Nina kopo zima la gundi ya paa chini ya kitanda. Ningekuzibia asubuhi moja, na lefse juu yake! Unalala na sufuria kifuani kama mwehu, halafu unaniua mimi kwa sababu ya ufa wa gundi!"

"Ardis—"

"Gaylord simkasirikii. Gaylord ni mjinga, hana la kujilaumu. Wewe una akili, Marva. Ulikaa hapa na akili zako zote."

Akashuka, ngazi moja moja. Nilisaini kabla hajafika mlangoni kwake. Kalamu ilitoboa karatasi.

Asubuhi nilikuwa ofisini kabla Tanner hajafungua. Aliichukua karatasi, akahesabu nane, akanirudishia.

"Umechelewa, bibi. Amekuja jana jioni kujiondoa mwenyewe. Ameshasaini."

"Lakini nane zimetimia! Si ulisema nane?"

"Nilimwambia angoje, huenda zikatimia. Akasema hataki kubaki kwa sahihi ya mtu aliyehitaji kufuatwa mpaka nyumbani."

Tuna desturi nyingine. Mtu akiondoka, kambi nzima inatoka kumpungia, na rafiki mmoja anazunguka gari lake kabla halijaondoka. Anatazama antena imeshushwa, ngazi imerudishwa ndani, bomba la maji machafu limeondolewa, waya umechomolewa. Kila mmoja wetu amewahi kung'oa kitu kwa kusahau. Miaka tisa mimi ndiye niliyemzungukia Ardis, hata alipokwenda mjini tu kubadilisha oili. Nilimaliza kwa kupiga bati mara mbili, naye akajibu kwa honi.

Siku Ardis alipoondoka hakutoka mtu. Kumi na wawili sisi, nyuma ya mapazia kumi na mawili. Injini iliwaka, na kweli mkanda ulikuwa haulii tena. Niliona ngazi yake bado iko nje. Niliona antena imesimama. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa cha mlango wangu, nakumbuka ubaridi wake, na sikukizungusha. Nilikuwa na aibu, na aibu yangu ilikuwa inataka kutunzwa kama kitu cha thamani. Ndiyo maana nasema najua nimemkasirikia nani.

Leland ndiye aliyekuja. Siku zake nazo zilikuwa zimekwisha, basi la kijani lilikuwa linanguruma langoni, kuku ndani. Alizunguka gari la Ardis polepole, mikono nyuma. Aliisukuma ile ngazi ndani kwa buti. Aliingia, antena ikashuka. Alichomoa waya kwenye doa la bluu, akauviringisha mkononi kiwiko hadi kidole gumba, akauweka mahali pake. Kisha akapiga bati mara mbili.

"Twende, dereva!"

"Usinipigie gari," sauti ya Ardis ikatoka dirishani. "Nimelipaka nta jana."

Wakaondoka, basi mbele, yeye nyuma. Honi hakupiga.

Tanner alikuja kukagua paa langu wiki iliyofuata, maana jina langu lilikuwa kwenye karatasi hata kama karatasi haikutumika, akaniacha nibaki kwa sasa. Mwaka ujao gari langu litatimiza miaka kumi, na la Gaylord pia. Gaylord ameanza kuzungumzia sahihi. Nilimwambia azungumze na jenereta lake.

Ardis yuko maili ishirini na sita mashariki ya hapa, kwenye ekari moja kavu aliyoachiwa Leland Pruitt na mjomba wake, yenye kisima na nguzo moja ya umeme. Gari lake limeegeshwa ubavuni mwa basi la kijani, mbao nne chini ya matairi, na waya wake umechomekwa kwenye ile nguzo.